Uliza Mafundi: Jaketi la ngozi lifungwe kwa zipu au kwa vifungo?

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia mahali pamoja: sehemu ya mbele ya jaketi la ngozi. Si ajabu, maana upepo wa Juni hadi Agosti ukianza kupuliza Dodoma, asubuhi hata wanaobeza makoti huyatafuta. Swali la kwanza tumelipa nafasi kubwa kwa sababu majibu mengine yanaliegemea.

Habari za kazi. Nimepata fundi Majengo anayeshona ngozi. Nataka anishonee jaketi la ngozi ya mbuzi la mtindo wa miaka ya 1930, fupi, linaloishia kiunoni, la kuvaa ofisini. Nilimpelekea picha tatu: moja ina zipu, nyingine vifungo vya kawaida, ya tatu vifungo vya kubonyeza. Amegoma kukata mpaka nichague. Kwa nini asikate kwanza, mambo ya kufunga tukaamua baadaye? Na nichague nini?
*Mtumishi wa umma, Area D, Dodoma*

Usimlaumu fundi wako, anakuokolea ngozi. Vipande viwili vya mbele vya jaketi la zipu hukutana katikati ya kifua, lakini vya jaketi la vifungo hulaliana. Kwa kifungo chenye upana wa milimita 20, kila kipande kinatakiwa kuvuka mstari wa katikati kwa sentimita 2 hadi 2.5. Kwa zipu ambayo meno yake yanaonekana, mambo ni kinyume: kila ukingo husimama milimita 3 au 4 kabla ya mstari huo, ili meno yapate nafasi. Kwa hiyo akikata kwa zipu halafu ukabadili mawazo, ngozi ya kulaliana haipo, na hakuna namna ya kuunga kiraka mbele ya jaketi kisionekane. Akikata kwa vifungo bado anaweza kupunguza akarudi kwenye zipu, mradi matundu hayajatobolewa. Vifungo vya kubonyeza navyo vinahitaji kulaliana, ila sentimita 3 hadi 4 kwa jumla zinatosha. Kama kweli umeshindwa kuamua na fundi hana muda wa kukungoja, akate kwa vifungo.

Kuhusu enzi, picha zako za zipu na za vifungo zote ni halali. Zipu tunayoifahamu leo ilitengenezwa na Gideon Sundback mwaka 1913, akapewa hataza yake mwaka 1917. Jaketi la marubani wa jeshi la Marekani liitwalo A-1, la mwaka 1927, lilikuwa na vifungo mbele. Lililolifuata, A-2 la mwaka 1931, likawa na zipu. Katikati yao, mwaka 1928, kampuni ya Schott ya New York ikatoa jaketi la pikipiki lenye zipu, Perfecto. A-2 nyingine zilishonwa kwa ngozi ya mbuzi, kwa hiyo na uchaguzi wako wa ngozi una mizizi. Picha ya tatu ndiyo yenye walakini. Katika A-2 vifungo vya kubonyeza viko kwenye ncha za kola na vifuniko vya mifuko tu. Ukivipanga mbele kote, jaketi lako litaonekana la miaka ya baadaye. Si kosa, ila si ulichoomba.

Kwa mtu wa ofisini asiyeendesha pikipiki, sisi tungechagua vifungo. Jaketi fupi la zipu ukikaa kwenye kiti hujikunja tumboni, kwa sababu zipu ya chuma haipindi kama ngozi. La vifungo unafungua kimoja cha chini na maisha yanaendelea. Kifungo kikikatika unakishona mwenyewe jioni. Zipu ikifa, mbele yote inafumuliwa, na ngozi iliyofumuliwa inabaki na matundu ya sindano milele, hivyo fundi atakayeweka mpya lazima apite kwenye matundu yaleyale. Upepo utapenya kidogo kati ya kifungo na kifungo, ni kweli, lakini ngozi ikilaliana sentimita 5 unatembea kutoka Area D hadi stendi bila kuuhisi sana.

Chagua vifungo 5 au 6 vya pembe ya ng'ombe, vya mbao ngumu au vya ngozi iliyosukwa. Plastiki inayong'aa huliharibu jaketi zima, hata kama ngozi ni ya gharama. Kifungo kimoja lazima kikae usawa wa sehemu iliyotokeza zaidi kifuani, la sivyo mbele itafunguka kama mdomo kila unapovuta mabega nyuma. Kingine kikae kiunoni. Vilivyobaki vigawanywe sawasawa kati ya hivyo viwili na juu yake, umbali wa sentimita 9 au 10.

Kabla ya ngozi kuguswa, fundi ashone jaketi la majaribio kwa amerikani, kitambaa cha bei nafuu. Livae juu ya shati na sweta, kaa kwenye kiti, inua mikono, kisha nafasi za vifungo ziwekwe alama hapohapo mwilini. Angalia na urefu: majaketi ya enzi hiyo yalivaliwa na suruali za kiuno cha juu. Suruali za siku hizi hukaa chini, na shati litachungulia kati yake. Ongeza sentimita 3 au 4 chini kama hutaki hilo.

Kiasi cha ngozi: futi za mraba 35 hadi 45 kwa mtu wa mwili wa kawaida, yaani ngozi 7 hadi 9 za mbuzi zenye futi 5 kila moja. Vipande vya mbele vikatwe kandokando ya uti wa mgongo, vyote viwili sehemu ileile, kwa sababu ngozi ya tumboni hunyooka na matundu ya vifungo huachama.

Jambo la mwisho, na hili usilionee haya: mwombe akuonyeshe tundu moja la kifungo alilolishona kwenye kipande kilichobaki. Hapo ndipo mafundi wengi wazuri wa nguo hukwama wanapohamia kwenye ngozi.

Nimezoea kushona sare za shule na suti. Sasa napata kazi za ngozi. Matundu ya vifungo niliyoshona kwa cherehani yamechanika baada ya wiki chache, mstari mzima wa uzi unang'oka na ngozi. Nakosea wapi?
*Fundi cherehani, Kondoa*

Fundi, sindano kwenye kitambaa hupenya kati ya nyuzi, lakini kwenye ngozi hutoboa. Tundu la kifungo la cherehani lina mishono iliyobanana sana, hivyo umeichanja ngozi kwa mstari wa vidoti kama ukingo wa stempu, na kifungo kikivuta, inachanika palepale. Kwa ngozi ya milimita 0.8 hadi 1 achana na mshono huo. Tengeneza tundu lenye midomo.

Urefu wa tundu ni upana wa kifungo ukijumlisha unene wake: kifungo cha milimita 20 chenye unene wa 4 kinataka tundu la 24, liweke 25. Kata dirisha la milimita 25 kwa 8 kwenye kipande cha mbele, kwa kisu kikali na rula ya chuma. Ngozi haichambuki, kwa hiyo kingo hazihitaji kukunjwa. Kata vipande viwili vya ngozi nyembamba ya milimita 0.6 au 0.7, kila kimoja sentimita 5 kwa 3. Kikunje katikati kwa urefu, kipake gundi ya mpira, kigonge taratibu. Hiyo ndiyo midomo. Ibandike nyuma ya dirisha ikutane katikati bila kupandana na bila kuacha mwanga. Kisha shona kuzunguka dirisha, milimita 2 kutoka ukingoni, mshono wa milimita 3 hadi 3.5. Usirudi nyuma kufunga uzi. Vuta ncha zote upande wa ndani uzifunge kwa mkono.

Ukishaweka kipande cha ndani, yaani ngozi inayofunika nyuma ya dirisha, toboa kwenye kipande hicho tundu duara la milimita 2 kila mwisho wa mahali midomo ilipo, halafu chana kati ya tundu na tundu. Yale matundu duara ndiyo yanayozuia mchano kuendelea.

Tundu la kulala liangalie vizuri: kifungo huvutwa mpaka mwisho wa tundu ulio karibu na ukingo wa jaketi. Kwa hiyo mwisho huo upite mstari wa katikati kwa milimita 3 kuelekea ukingoni. Ukiliweka tundu katikati kabisa ya mstari, jaketi litafungwa likiwa limesogea upande mmoja na kola haitakutana.

Kifungo chenyewe kishonwe na kifungo kidogo nyuma yake, upande wa ndani, ili uzi ubane kifungo badala ya kukata ngozi. Acha shingo ya uzi yenye urefu sawa na unene wa ngozi itakayolala juu yake, kwa kawaida milimita 4, uizungushie uzi mara kadhaa. Uzi uwe wa poliesta uliopitishwa kwenye nta. Wa pamba huoza kwa jasho.

Mimi ni bodaboda. Nataka jaketi la ngozi ya ng'ombe la kizamani, lile la zipu ya kukatiza kifuani. Rafiki yangu anasema ni pambo tu. Kweli?
*Dereva, Nkuhungu*

Si pambo. Zipu ikikatiza kutoka nyonga hadi karibu na bega, kipande kimoja cha mbele hulala juu ya kingine kifua kizima, na upepo unaokupiga ukiwa kwenye mwendo hukutana na tabaka mbili za ngozi. Zipu ya katikati inaweza kufanya kazi hiyohiyo, lakini kwa sharti moja: iwe na ulimi nyuma yake, yaani kipande cha ngozi chenye upana wa sentimita 5 kinachoshonwa upande mmoja tu, kutoka kwenye pindo hadi kolani. Bila ulimi, upepo hupita kati ya meno na vumbi jekundu linaishia kwenye shati.

Ugumu wa zipu ya kukatiza uko kwa fundi. Vipande vya mbele havifanani hata kidogo, kwa hiyo lazima achore kimoja kimoja, na kosa la kukata ngozi ikiwa imegeuzwa haliponi. Mwambie aandike "kushoto" na "kulia" nyuma ya kila kipande cha karatasi.

Kwa ngozi ya ng'ombe ya milimita 1.2, nunua zipu ya chuma Namba 8. Namba 10 nayo inafaa kama hujali uzito. Namba hiyo ni takriban upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Namba 5 iache kwa mifuko na kwa majaketi ya mbuzi, na zipu ya nailoni iache kwa mabegi. Shaba ya njano ndiyo yenye sura ya zamani, nayo huzeeka vizuri. Aluminiamu ni nyepesi, lakini meno yake huisha mapema na huacha weusi kwenye ngozi ya rangi ya mwanga. Hakikisha ni zipu inayoachana chini, yenye pini na kisanduku chake. Siku moja wauzaji watakupa ya begi ambayo haiachani, na utagundua ukiwa nyumbani.

Kama unaweza kupata yenye vichwa viwili (kichwa ni kile unachovuta kufunga na kufungua), ilipie. Ukikaa kwenye pikipiki unafungua sentimita 8 hadi 10 kutoka chini, jaketi halikusukumi kidevuni. Bizimu ya mkanda iondoe kabisa, maana inakwaruza tangi. Na tofauti hii uijue: jaketi la ngozi hii linakinga upepo na michubuko midogo. Si badala ya vifaa vya usalama vyenye pedi, na kofia ngumu iko palepale.

Zipu nikishona kwenye ngozi inatoka na mawimbi, ingawa kwenye sweta za shule sina tatizo hilo. Cherehani ni nzuri, sindano mpya.
*Fundi, Singida mjini*

Kwanza soma mawimbi yenyewe. Lilaze jaketi mezani zipu ikiwa imefungwa. Meno yamenyooka lakini ngozi pembeni imefutuka? Basi ngozi imevutika ikawa ndefu kuliko zipu. Meno yenyewe yanapinda kama nyoka? Hapo zipu ndiyo ndefu kuliko ngozi: ngozi ilikusanyika chini ya mguu wa cherehani. Matatizo ni mawili na dawa zake ni mbili. Wengi huchanganya, wakarudia kosa kwa nguvu zaidi.

Kwa lile la kwanza, kabla ya kukunja ukingo, bandika utepe wa pamba usionyooka, wa sentimita 1, upande wa ndani kandokando ya mahali pa kukunjia. Usipime utepe kwenye ngozi. Upime kwenye karatasi ya kukatia, halafu ngozi iufuate.

Kisha: pindo la sentimita 1.2, lipunguze unene hadi nusu kwa kisu cha fundi viatu, paka gundi ya mpira, subiri dakika 10 hadi 15 ikauke mpaka isishike kidole, kunja, gonga kwa nyundo laini. Gundi mbichi hujaza tundu la sindano na mshono utaruka. Funga zipu, weka alama kila sentimita 10 kwenye tepu zake zote mbili na kwenye vipande vyote viwili vya mbele. Pini za kushikia usitumie, zinaacha matundu. Tumia gundi ya utepe ya milimita 3, mbali na meno. Fungua zipu, bandika upande mmoja kuanzia chini, alama kwa alama, bila kuvuta. Funga tena, angalia mifuko na mishono ya kiunoni kama inalingana kushoto na kulia, ndipo ubandike upande wa pili. Hatua hii ya kufunga tena ndiyo inayorukwa, halafu mfuko mmoja unakuwa juu ya mwenzake.

Shona pande zote mbili kutoka chini kwenda juu. Ukishona mmoja kwenda juu na mwingine kushuka, ngozi itasukumwa kinyume na jaketi litajikunja kwa mshazari. Sindano ya ngozi Namba 16 kwa mbuzi, 18 kwa ng'ombe, mshono wa milimita 3.5 hadi 4, na mstari uwe milimita 6 hadi 8 kutoka kwenye meno ili kichwa kipite bila kuuma bitana. Dawa ya tatizo la pili iko kwenye mguu wa cherehani: wa chuma hung'ang'ania ngozi. Wa tefuloni huteleza. Ukiukosa, kata karatasi nyembamba, weka juu ya ngozi, shona, ichane baadaye.

Kisanduku cha chini kiache milimita 5 juu ya ukingo wa pindo. Juu, meno yaishie sentimita 1 chini ya mshono wa kola.

Vifungo vya kubonyeza vinang'oka na kubaki upande wa pili. Ni vya bei mbaya?
*Mwanafunzi, UDOM*

Huenda, lakini mara nyingi ngozi ndiyo nyembamba. Shina la kifungo limetengenezwa kwa unene fulani. Ngozi ikiwa pungufu, shina hukunjika upande badala ya kufunguka duara. Ikizidi, halina urefu wa kufunguka. Weka kiraka cha ngozi cha milimita 1 au turubai kati ya tabaka, toboa tundu linaloshika shina kwa kubana, si kubwa kuliko hilo, na ugonge kwa kifaa chake juu ya chuma kigumu, pigo moja zito na jingine la kumalizia. Meza ya mbao hunywa pigo. Na ukifungua, shika ngozi karibu kabisa na kifungo, usivute kola nzima.

Nimekosa zipu ya sentimita 55, zipo za 65. Naweza kupunguza?
*Msomaji, Mpwapwa*

Unaweza, kutokea juu tu, maana chini kuna pini na kisanduku. Pima, ng'oa meno kwa plaizi moja moja kwa urefu wa sentimita 2 juu ya alama, bila kuchana tepu, kisha bana vizuizi vipya vya juu kabla ya kukata tepu iliyozidi. Kichwa kiwe chini wakati wote. Kikichomoka juu utatumia jioni nzima kukirudisha.

Jaketi la mwanamke lazima lifungwe kulia juu ya kushoto?
*Dada mpenda mitumba, soko la Sabasaba*

Ndiyo desturi ya vifungo: wanawake kulia juu, wanaume kushoto juu. Hakuna anayekulazimisha, dada. Ila mwambie fundi kabla hajakata, na kama ni zipu, angalia pini iko upande gani dukani, kwa sababu haigeuziki.

Zipu ya jaketi langu imekuwa ngumu tangu kiangazi. Nimepaka mafuta ya kupikia, imezidi.
*Msomaji, Bahi*

Mafuta yamelishika vumbi. Fungua zipu, piga meno mswaki mkavu, kisha mswaki wenye maji na sabuni kidogo, ukikinga ngozi kwa kitambaa. Ikikauka kabisa, pitisha mshumaa juu ya meno pande zote mbili, fungua na funga mara kumi, ufute nta iliyozidi. Kama meno yanaachana nyuma ya kichwa, kichwa kimelegea: kibane kwa plaizi kidogo upande wa kushoto na wa kulia, kwa zamu, ukijaribu kila baada ya kubana. Ukibana kwa pupa kitavunjika, na kukipata kingine cha namba ileile kutakutuma Kariakoo.